Wanakwenda wapi kila Jumamosi? Jibu kwa dereva wa lori anayetaka kurusha ndege

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni dereva wa malori ya masafa marefu, nina miaka 44, mzaliwa wa Kigoma. Naishi Red Deer hapa Alberta na mke na watoto watatu. Karibu na yadi tunapoegesha malori kuna uwanja mdogo wa ndege. Kila Jumamosi naona watu wanatoa vindege vyao, wanazunguka saa moja au mbili, wanarudi pale pale. Hawabebi abiria, hawabebi mzigo. Hivi wanakwenda wapi? Na mtu kama mimi anaweza kuwa mmoja wao, au ni starehe ya matajiri? Mke wangu hataki hata kulisikia jambo hili.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hilo swali ambalo wengi wangeliona la kitoto, kumbe ndilo lenyewe. Mimi nafundisha urubani kwenye uwanja mdogo nje ya Edmonton, na kabla ya kufundisha nilikuwa mmoja wa hao hao wa Jumamosi. Wengi wao hawaendi popote. Wanazunguka juu ya mashamba, wanatua, wanaruka tena bila kusimama, wanatua tena, mara tano, mara sita, kisha wanafuta wadudu waliogandia kwenye mabawa na kuisukuma ndege bandani. Mara nyingi ile ni hesabu ya sheria. Hapa Kanada rubani haruhusiwi kupakia abiria kama hajaruka na kutua walau mara 5 ndani ya miezi 6 iliyopita. Aliyekaa chini majira yote ya baridi, ikifika Aprili huanza kulilipa deni hilo akiwa peke yake, ndipo amwalike mkewe.

Wengine wanakwenda kula. Kiangazi kikiingia, vilabu vya urubani vya miji midogo huandaa staftahi ya wageni wanaokuja kwa ndege. Unaruka dakika 40, unatua kwenye nyasi, unaiacha ndege kwenye mstari na wenzake, unasimama foleni na sahani ya karatasi unasubiri pankeki na soseji. Halafu mnaketi kwenye meza ndefu mnaongea habari za kabureta, bei ya mafuta, na nani anauza redio yake. Nawajua wakulima wawili, wote wazee sasa, urafiki wao wa miaka mingi umekulia kwenye meza hizo. Mmoja analima karibu na Camrose, mwingine yuko mbali huko kaskazini, na bila ndege wasingefahamiana.

Njia yenyewe ni sehemu ya raha. Upimaji wa ardhi wa nyanda hizi ulianza mwaka 1871, na waliopima waliigawa nchi kwa miraba. Wewe unazijua hizo barabara za changarawe kutoka chini. Ukiwa futi 3,000 juu yake unaona zimenyooka kaskazini kwa kusini na mashariki kwa magharibi, kila maili moja au mbili, kama daftari la hesabu. Mwanafunzi wangu akipotea, jambo la kwanza namwambia ailinganishe pua ya ndege na barabara yoyote, maana dira imechorwa ardhini. Mwezi wa saba kanola, zao la mbegu za mafuta, ikichanua, nusu ya miraba hiyo inakuwa ya njano. Miji michache bado ina yale maghala marefu ya nafaka ya mbao, jina la mji limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, na rubani anaweza kulisoma akipita.

Sasa nikikuachia hapo nitakuwa nimekupa nusu ya habari. Kila mtu anapenda kuruka. Wanaodumu ni wale wanaopenda ukaguzi, na wanaoweza kusema "leo siruki" wakaenda nyumbani na moyo mweupe. Nimeona watu wenye fedha na vipaji wakiacha baada ya miaka miwili kwa kukosa jambo hilo moja. Ndiyo maana barua yako ilinifurahisha. Wewe kila alfajiri unalizunguka lori lako kabla ya safari: unagonga matairi, unakagua breki za upepo, taa, uvujaji, unaandika, unatia sahihi. Umekwisha jifunza jambo ambalo mimi huchukua miezi kulifundisha.

Hebu nikuoneshe asubuhi moja ya Januari, nyuzi 18 chini ya sifuri, saa tatu kasoro. Ndege imelala nje. Injini imefunikwa blanketi nene na waya wa umeme umeingia ndani yake tangu jana usiku, kwa sababu oili ya baridi ni nzito na injini inayowashwa hivyo inajitafuna. Unavua glavu moja, unapitisha kiganja juu ya bawa. Kama kinakwaruza kama msasa, hiyo ni sakitu, umande ulioganda. Kwa macho utaona ni rangi ya kijivu tu, haina unene wa karatasi. Lakini inatosha kuivuruga hewa juu ya bawa na kuinyang'anya ndege uwezo wa kupaa, na sheria inakataza kuruka na sakitu, barafu au theluji iliyoshika kwenye mabawa. Basi unachukua ufagio laini, unasugua, unapitisha kamba, unasogeza ndege juani, unasubiri. Kisha unachukua kikombe kidogo cha plastiki safi, unakisukumiza kwenye kizibo chini ya bawa, mafuta yanachuruzika ndani. Unakiinua usawa wa jua. Mafuta yetu yana rangi ya samawati hafifu. Kama kuna maji utayaona chini ya kikombe, ushanga mmoja unaotembea ukikitikisa. Ukiuona unamwaga na kuanza upya, na unaendelea hadi kikombe kiwe safi mara kadhaa mfululizo. Tone hilo likifika kwenye injini baada ya kupaa, huna bega la barabara la kuegesha.

Ukimaliza yote hayo, wingu limeshuka. Unaifunika injini tena unaondoka. Kwa rubani wa burudani hiyo nayo ni Jumamosi iliyokwenda vizuri.

Siku mbingu ikifunguka, majira ya baridi yana zawadi yake. Hewa baridi ni nzito, inabeba bawa vizuri, na ndege ile ile iliyokuwa inapanda kwa kujivuta mwezi wa saba inaruka kama imesukumwa. Ila hewa hiyo ina hila zake. Baridi ikiwa kali altimita, yaani kipimo cha urefu wa kuruka, inakuambia uko juu kuliko ulivyo, jambo kubwa kwa anayekaribia milima. Kipasha joto cha ndege ndogo huchukua joto kwenye eksozi, na eksozi ikipata ufa gesi ya kaboni monoksaidi inaingia chumbani bila harufu. Nunua kifaa cha kuitambua gesi hiyo, kipo cha bei ndogo, na ukining'inize mbele ya macho yako. Na vaa kana kwamba utatembea kurudi nyumbani. Mwanafunzi akija kwangu na viatu vya raba siku ya Januari, harushi ndege.

Urubani wa nchi hii, kwa kweli, ulizaliwa kwenye baridi. Tarehe 23 Februari 1909, J.A.D. McCurdy alipaa na ndege iitwayo Silver Dart kutoka juu ya barafu ya ziwa huko Baddeck, Nova Scotia, na hiyo inahesabiwa kuwa safari ya kwanza ya ndege ya injini Kanada. Hadi leo wapo wanaovua magurudumu msimu wa theluji wakafunga skii, na kiangazi wakafunga maboya wakatua ziwani. Kwa maboya unahitaji mafunzo ya ziada ya saa 7 tu, na wengi walioonja wanasema hawarudi kwenye lami.

Njia ya kuanzia

Zipo njia mbili zinazokufaa, na zote zinasimamiwa na Transport Canada, wizara ya uchukuzi ya hapa. Ya kwanza ni kibali cha rubani wa burudani. Kiwango cha chini ni saa 25 za mafunzo, 15 na mwalimu na 5 peke yako miongoni mwake. Unaruhusiwa mchana tu, ndani ya Kanada tu, na abiria mmoja tu. Ya pili ni leseni ya rubani binafsi: saa 45, angalau 17 na mwalimu na 12 peke yako, na katika hizo za peke yako uende safari ya mbali walau maili 150 za baharini, ukitua viwanja viwili njiani. Kuna na masomo ya darasani saa 40. Mtihani wa maandishi una maswali 100 na lazima upate asilimia 60 katika kila somo kati ya manne: sheria za anga, uongozaji wa safari, hali ya hewa, na maarifa ya jumla ya ndege. Kabla hata ya kuruka peke yako mara ya kwanza kuna mtihani mdogo wa maswali 50, na huo unataka asilimia 90. Ule mgumu ni huo mdogo, kwa maana ya kwamba hauruhusu kubahatisha.

Usizichukulie saa 45 kama ahadi. Mtu mzima mwenye kazi na watoto, anayekuja mara moja kwa wiki, kwa kawaida anamaliza kati ya saa 60 na 70. Anayekuja mara mbili kwa mwezi anatumia nusu ya kila somo kukumbuka somo lililopita, na fedha zinapotelea hapo. Wewe wa safari ndefu, ushauri wangu ni huu: usianze mpaka uwe na miezi mitatu ambayo unaweza kuja mara mbili kwa wiki. Afadhali ungoje mwaka.

Ningekuambia uchague kipi? Una mke na watoto watatu, na najua ndoto ya baba ni kuwapakia wote. Niseme mapema kwamba Cessna 172, ndege ya viti vinne inayotumika shule nyingi, ikijaa mafuta haiwezi kubeba watu wazima wanne. Uzito unapigiwa hesabu kwa penseli kila safari, kama mizani yenu ya barabarani. Kwa hiyo hata ukiwa na leseni, watoto watapanda kwa zamu. Hata hivyo mimi ningekwenda na leseni binafsi. Siku moja utataka kuvuka mpaka kwenda maonyesho ya ndege ya Oshkosh kule Wisconsin mwishoni mwa Julai, au kuongeza ruhusa ya kuruka usiku, kwa kuwa Desemba jua la Edmonton linazama saa kumi na robo jioni. Kibali cha burudani kinakufunga milango hiyo. Lakini fedha zikikubana, kianze kibali, kwani saa zako hazipotei ukija kuendelea mbele.

Afya: kwa leseni binafsi utapimwa na daktari aliyeidhinishwa kwa ajili ya urubani, na ukishatimiza miaka 40 unarudi kila baada ya miaka 2. Kwa kibali cha burudani fomu ni nyepesi, na daktari wako wa kawaida anaweza kuitia sahihi. Nenda kwa daktari kabla hujalipa shule hata dola moja. Shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa si lazima likuzuie. Kinachowakwamisha wengi ni kuficha. Sema kila kitu, hata usingizi wako wa kwenye lori.

Lugha: utapimwa Kiingereza au Kifaransa, kisha kuna cheti kidogo cha redio. Lafudhi yetu si tatizo, nakuhakikishia. Mnara wa kuongozea ndege unachotaka ni maneno yaliyopangwa: wewe ni nani, uko wapi, unataka nini. Ndugu zetu wa Bujumbura na Goma waliozoea Kifaransa wanaweza kukitumia redioni huko Quebec, na haki hiyo ilipiganiwa hasa. Mwaka 1976 marubani waligoma nchi nzima kupinga lugha mbili angani, na ubishi huo ulichukua miaka kutulia.

Fedha. Hapa sitakupamba. Kwa bei ninazoziona Alberta sasa, kukodi Cessna 172 pamoja na mafuta ni dola 200 hivi kwa saa, kuna wanaotoza zaidi, na mwalimu ni juu ya hapo. Leseni nzima iandalie kati ya dola 15,000 na 22,000. Ni fedha nyingi kwa mtu mwenye watoto, na asikudanganye mtu kwamba zitarudi: leseni binafsi haikuruhusu kulipwa kwa kurusha, isipokuwa kuchangiana gharama na abiria kwa masharti. Lakini ukiuliza kama ni starehe ya matajiri, watazame wanaoegesha pale kwangu: fundi umeme, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi, wakulima watano au sita. Wengi hawamiliki ndege nzima. Watu watatu au wanne wananunua moja kwa pamoja, wanagawana banda, bima na matengenezo. Ndege zenyewe ni kuukuu, za miaka ya 1960 na 1970, na bado zinaruka kwa sababu zinakaguliwa. Ya viti viwili mara nyingi utaipata chini ya bei ya pikapu mpya. Kanada pia ina daraja ambalo si nchi nyingi zinalo, la ndege ambayo mwenyewe unaruhusiwa kuifanyia matengenezo na kuyatia sahihi. Anayependa spana, kama ninavyohisi unapenda, atatumia Jumamosi zake nyingi chini ya injini kuliko hewani, na atakuwa na furaha. Ndege ya daraja hilo hairuhusiwi kwenda Marekani, ulijue hilo kabla hujanunua.

Na mkeo

Shemeji ana haki ya kuogopa, na usimjibu kwa kumwambia kwamba barabara ni hatari zaidi. Si kweli kwa ndege ndogo, na akija kuligundua hatakuamini kwa lingine. Mwambie hatari ziko wapi hasa. Ziko kwenye rubani asiyefunzwa kuruka ndani ya mawingu akaingia humo hata hivyo, kwenye mafuta yaliyohesabiwa kwa matumaini, na kwenye hamu ya kufika leo. Zote tatu ni maamuzi.

Agosti moja nilikuwa narudi kutoka Grande Prairie na mwanafunzi. Moshi wa moto wa msitu ulikuwa mbali kusini tulipoondoka. Katikati ya njia upeo wa macho ulianza kuyeyuka, kwanza vilima, halafu barabara kuu tuliyokuwa tunaifuata. Yeye alikuwa na kazi asubuhi, na nilimwona anatazama saa. Nilimwuliza: "Kama ungekuwa peke yako?" Alinyamaza kidogo, akageuza ndege kuelekea Whitecourt, mji mdogo ulio njiani. Tulilala kwenye moteli, nguo zetu zinanuka moshi, na tukaruka kesho yake mchana. Alipoteza ujira wa siku moja. Nilimsaini ruhusa yake ya safari ya mbali juma lile lile. Nilikuwa nimeona nilichokuwa nakitafuta kwake.

Halafu kuna kazi ambayo ni ya shemeji mwenyewe. Ukienda zaidi ya maili 25 za baharini, kama kilomita 46, kutoka ulikoondokea, sheria inakutaka uwe umeacha taarifa ya safari. Unaweza kuiacha kwa huduma ya anga, au kwa mtu unayemwamini aliyekubali wajibu huo: njia utakayopita, saa za mafuta, watu waliomo, na saa ambayo usipopiga simu yeye anatoa taarifa ili utafutwe. Wake na waume wengi wa marubani ninaowajua ndio wanaoishika karatasi hiyo, iko kwenye friji chini ya sumaku. Nyuma yake kuna jeshi na raia wengi wa kujitolea wa CASARA, chama kilichoanzishwa mwaka 1986, marubani wa Jumamosi kama hao unaowaona, ambao hufunzwa kutafuta wenzao. Mwulize kama angependa kuijua karatasi hiyo kabla hajasema hapana.

Hatua ya kwanza haihitaji uamuzi mkubwa. Shule nyingi zina safari ya kuonja, nusu saa au zaidi na mwalimu, mikono yako kwenye usukani, na muda huo unaingia kwenye daftari lako la saa. Uliza kama mkeo anaweza kukaa kiti cha nyuma. Lakini kabla ya hapo, Jumamosi hii ukishapaki lori, nenda kwenye huo uwanja mapema. Mtafute mtu aliyeinama chini ya bawa na kikombe cha plastiki mkononi. Msalimie, mwulize anatafuta nini humo. Atakiinua juani akuoneshe.